Taa Nyekundu Langoni

Mtungi wa gesi ulipoibwa mara ya pili
niliteremka ngazi mia moja na kumi na mbili,
kutoka kilimani kwetu, Valparaiso ya juu,
hadi dukani kwa Olegario,
fundi wa kufuli, muuza betri,
na siku hizi muuza macho.

Akaziweka kamera mbili juu ya kioo.
Moja nyeupe, kubwa kama ngumi,
ina taa nyekundu isiyolala.
"Hii, Bwana Nibaldo, ni mbwa anayebweka.
Mwizi akiiona atakwenda kwa jirani."
Jirani yangu ni Zunilda, mjane,
mlango wake hufungwa kwa kamba ya kiatu.
Sikupenda sentensi ile ilikoishia.

Ya pili ndogo, kama kifungo cha shati.
"Hii haibweki. Hii inakumbuka.
Mwizi utamjua kwa sura."
Nikishamjua?
Olegario akajikuna shingo,
akasema betri zinauzwa kando.

Miaka thelathini na minne nimetengeneza mabasi ya umeme,
yale yanayoshika waya;
najua kitu kikiharibika hakipigiwi honi,
unakifungua, unachungulia.
Nikanunua kifungo.

Eduvigis hakutaka. Alikuwa akimenya viazi.
"Kuta zina masikio tayari,
sasa unataka kuzitia macho?
Kama ni jicho, liweke wazi, mtu alione,
aamue mwenyewe kama anaingia."
Nikamwambia nimekusikia, mke wangu,
na usiku nikakizika kifungo
kwenye chungu cha maua kando ya lango,
katikati ya majani.

Kumbe ukificha kitu unasahau kutembea.
Wiki nzima nilipita pale nikijikohoza,
shingo imenyooka kama ninapigwa picha ya pasipoti.

Usiku wa kwanza: paka.
Wa pili: ukungu, ukipanda ngazi bila kuhema.
Wa tatu: Baltazar, mjukuu wa Zunilda,
akikojolea ukuta wangu
kwa utulivu wa mtu anayemwagilia bustani.
Nikasema, ndiye huyu.
Nilikuwa nimekwisha kumhukumu na kumfunga
kabla hajapandisha zipu.

Usiku wa nne, saa tisa na dakika kumi,
lango likafunguliwa kutoka ndani.

Eduvigis. Gauni la kulalia, viatu vyangu.
Akatazama ngazi juu, akatazama chini.
Akaukokota mtungi mpya hadi nje,
akaupangusa kwa pindo la gauni,
akauacha pale, akarudi kulala.
Kabla ya kugeuka alisema neno.
Kifungo hakina masikio;
nimeirudisha picha ile mara ishirini nikisoma midomo.
Nadhani alisema, "Leo umechelewa."

Zamani, kabla watoto hawajahama,
muuza gesi alipita alfajiri
akigonga mitungi kwa kipande cha chuma,
nasi tulitoa mitupu nje, atuachie iliyojaa.
Yule mtu alikufa mwaka ule wa tetemeko.
Na mtungi uliojaa, ulioachwa njiani,
nani asingeuchukua?
Hata mimi.

Asubuhi alinimiminia chai, akauliza
kama mwizi wetu ameonekana.
Nikasema paka.
"Paka hapiki," akasema, akacheka sana,
nami nikacheka, chai ikanipalia.

Nikateremka tena. Magoti yalizihesabu ngazi zote.
Olegario akadhani nimekuja kudai pesa zangu.
Nikaichukua ile nyeupe, ile ya kubweka,
nikaifunga juu ya lango, ikiangalia ndani,
mke wangu akinishikilia ngazi ya mbao.
"Umeiweka kinyume," akasema.
Najua.
"Sawa. Angalau inaonekana."

Sasa saa tisa na dakika kumi anafika langoni,
anainua uso, anaiona taa nyekundu,
na anasimama, kama basi.
Mimi nimekwisha kuvaa koti.
Viatu anavyo yeye.
Nakwenda peku, polepole, nikipiga miluzi,
asije akashtuka.